Nimefukuzwa kazi kwa kuwapeleka wazee wawili milimani, kwenye mji ambao hawana mtu, na sijuti

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Wa rika langu na wadogo, tusalimiane tu kama tumekutana dukani.

Ninachoandika hapa kimetokea Jumanne ya wiki iliyopita. Picha sina, kamera ya simu yangu ilikufa siku ilipodondoka kwenye maji ya chumvi. Ila kila neno hapa ni kweli. Atakayesema ni chai, aipulize anywe.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni Mtanzania, niko Durban. Shule niliacha darasa la sita, nikaanza kutembea. Nina ugonjwa mmoja tu: nikiona barabara imekata kona kule mbele, situlii mpaka nijue baada ya kona kuna nini. Nimeishi miji kumi na moja kwa ugonjwa huo. Sasa hivi nina chumba Glenwood, nyuma ya nyumba ya wanafunzi. Vitabu wanavyotupa mwisho wa mwaka nasoma mimi, hata vya mimea.

(Kuna jamaa ataanza "mkuu ulivukaje mipaka". Hilo si la leo.)

Kazi yangu ilikuwa kupeleka simu na vifaa kwa wateja wa duka la Fiston. Zingatieni neno ILIKUWA.

Fiston ni Mkongo, umri wangu, ana duka la simu upande wa Point. Mchapakazi, hana makuu. Wazazi wake ndio wenye uzi huu.

Baba yake, Papa Anselme, alikata sponji kwenye kiwanda cha magodoro kule Mobeni miaka ishirini na kitu, mpaka akastaafu. Mama yake alisuka nywele za watu mpaka vidole vikagoma. Huyo mama hakuna anayemwita kwa jina. Kanisani, kwenye lifti, sokoni, kote ni Mama Fiston. Wanaishi South Beach, ghorofa ya tisa, chumba kimoja na jiko.

Mzee alipostaafu alinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate. Lile la mgongo mrefu, milango miwili nyuma.

Watu wote wakajua ni la biashara.

Mzee akaanza kubandika sponji ndani. Kuta, paa, mpaka mlangoni. Juu yake akapiga mbao nyembamba. Akatengeneza kitanda cha kunyanyua chenye nafasi chini, jiko la gesi la mafiga mawili, dumu la maji lenye koki. Mama akashona mapazia ya kitenge. Ilichukua mwaka mzima pale parking, watu wakipita wanacheka. Mmoja alikuwa akimwuliza kila siku, "Papa, mkate iko?"

Mzee anamjibu, "Iko, lakini ya kulala."

Hapa nisimame kidogo, maana bila hili hamtaelewa.

Kwa hawa ndugu zetu wa kule maziwa makuu, na tuseme ukweli hata kwetu, mtu hasafiri hivi hivi. Unasafiri kwenda KWA MTU. Msiba, harusi, mgonjwa, mtoto amejifungua. Ukisema unaenda mahali, swali la kwanza sio "kufanya nini", ni "kwa nani?" Ukijibu huna mtu kule, wanakuangalia kama umeanza kuchanganyikiwa.

Na la pili: mwenye gari akisafiri, anabeba mizigo ya watu. Hakatai. Kukataa mfuko wa mwenzio wakati gari lako lina nafasi ni kama kumfungia mlango mgeni.

Hayo mawili yakae kichwani.

Fiston hakuitaka hiyo safari. Simlaumu kwa sababu zake. Mama ana presha. Papa jicho la kushoto limefanyiwa operesheni, daktari kamkataza kuendesha. Na hali ya sisi wageni hapa mnaijua, kuna miezi mtu unaongea Kiswahili kwa kunong'ona. Fiston alitaka wazee wakae ndani, gari libebe mali ya dukani.

Siku moja nilipeleka chaja pale ghorofani nikawakuta wanabishana. Fiston anasema, "Mama, huko milimani unaenda kwa nani?"

Mama alikuwa anapeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Fiston, mi nimefanya safari tatu kubwa. Ya kwanza nilitoka Uvira na wewe kwa mgongo, tunakimbia. Ya pili tulitoka kambini, tunakimbia. Ya tatu tulitoka Joburg, duka yetu inawaka moto nyuma yetu. Toka pale, nikipanda bus ni juu ya kilio. Kila pahali nimefika, iko mutu mwenye alinifukuza, ama iko maiti yenye inaningojea. Nataka moya tu. Safari moya, hakuna mutu nyuma, hakuna mutu mbele."

Fiston akasema, "Batatucheka."

"Bacheke. Meno ni yao."

Wakuu, mimi nilisimama mlangoni na chaja mkononi nikasahau hata kudai sahihi. Maana mimi hiyo safari ndiyo maisha yangu yote, na sikuwahi kujua kuna mtu anaililia.

Jumanne hiyo saa kumi na mbili asubuhi simu ikaita. Papa.

"Mutanzania, uko na leseni?"

"Ninayo, Mzee."

"Kuya."

Nikavaa koti nikaenda. Julai hii, baridi hata Durban inauma. Nikawakuta wote wawili chini, Mama amefunga kilemba cha Jumapili, gari limeshawashwa. Nikauliza tunaelekea wapi.

Papa akaonyesha kidole angani. "Juu."

"Juu wapi?"

"We uliacha shule juu ya maswali ama? Juu! Endesha, barabara ikipanda tunapanda nayo."

Hiyo ndiyo plan yote iliyokuwepo. Nikaingia.

Tukatoka mjini kabla robot, taa za barabarani, hazijajaa magari, tukashika barabara kuu ya kwenda Joburg. Gari linaunguruma kama trekta. Kupita Maritzburg kuna mlima mmoja mrefu, malori yenyewe yanapanda yakiomba dua. Tulipanda kwa gia ya pili, mshale wa joto unakaribia wekundu, Mama anaimba mapambio nyuma. Nikamwambia Papa tuzime heater ya... sorry, tuiwashe, ili joto la injini lije kwetu. Ukikaa na madereva wa malori unajifunza. Mshale ukarudi. Papa akaniangalia akasema, "Bon. Darasa la sita yako ilikuwa ya muzuri."

Tukafika Howick kama saa mbili na nusu. Nilijua tunaenda kuona maporomoko, maana pale maji yanadondoka katikati ya mji kabisa, unatoka duka la nyama unakutana na korongo. Lakini Papa akasema kwa sauti ndogo, "Pita kwanza kwa kinyozi mumoya, pale."

Mama akasikia. "Kinyozi gani?"

Papa akageuza uso dirishani.

"Papa Fiston. Kinyozi gani?"

Nikasimamisha gari. Mzee akashuka, akafungua milango ya nyuma, akanyanyua kitanda.

Chini ya kitanda kulikuwa na mifuko saba. Ile mikubwa ya plastiki yenye zipu na miraba. Imefungwa kamba, imeandikwa kwa marker.

Kumbe tetesi zilikuwa zimeshavuja kwenye group la jengo. Watu walimfuata Mzee mmoja mmoja parking tangu Jumapili: samaki wakavu wa dada yangu, unga wa muhogo wa shemeji, nywele za saluni fulani. Na Mzee ni mtu wa watu, hakuweza kusema hapana. Akaificha, akidhani ataishusha haraka haraka Mama akiwa anaangalia mandhari.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye ukingo wa barabara na kilemba chake cha Jumapili, mikono mapajani.

"Hata hii," akasema. "Hata hii ni ya batu."

Mzee alisimama pale na jicho lake moja zima, hajui aweke wapi mikono.

Na kabla hajasema kitu, kinyozi akatoka. Anaitwa Trésor, kijana mkarimu kweli kweli, aproni shingoni. "Papa! Mama! Karibuni! Fiston amenipigia toka saa moya! Bibi yangu amepika. Mutapumzika hapa, mutalala, kesho Fiston mwenyewe anakuya kuwachukua." (Bibi kwao ni mke, wakuu.)

Ndipo tukaelewa.

Fiston alijua tangu Jumapili. Hakumzuia Papa. Aliacha mifuko ipakiwe, na mmoja ulikuwa wake mwenyewe. Kila mfuko una mwenyeji, na kila mwenyeji ana namba ya Fiston. Popote ambapo wazee wangesimama, kungekuwa na mtu wa kuwakaribisha kwa mikono miwili na kuwashikilia kwa hiyo hiyo mikono miwili.

Nikakubali, jamaa ana akili.

Simu yangu ikalia ujumbe. Fiston. "Mpe Trésor funguo. Usipompa usirudi dukani."

Trésor naye kanyoosha mkono, anacheka, hana ubaya. "Tanzanie, leta funguo, niioshe hii gari."

Wakuu, ufunguo ulikuwa kwenye kiganja changu. Nitakuwa mkweli, nilifikiria kodi ya chumba. Nilifikiria pia kwamba mama ana presha, na mimi ni nani kwenye ukoo huu.

Mama akainuka, akajipangusa sketi. Hakuniangalia mimi, wala Trésor. Aliangalia mifuko.

"Mutanzania, miwani yangu iko mbali. Nisomee hizi zimeandikwa miji gani."

Nikasoma. Howick. Mooi River. Estcourt. Estcourt tena. Ladysmith. Harrismith. Underberg.

"Underberg iko upande gani?"

"Sio hii barabara ya Joburg, Mama. Inakata kushoto, inaenda kwenye milima mikubwa yenyewe."

Akamgeukia Trésor, mpole kabisa. "Mwanangu, ukipita ile Underberg, mbele yake iko nini?"

Trésor wa watu akajibu bila kufikiri, "Himeville. Lakini kule ni kamuji kadogo tu, Mama. Hakuna hata mutu wetu moya. Hakuna hata salon."

"Voilà," Mama akasema. Akapanda gari.

Niliona kabisa Trésor anatamani ayarudishe yale maneno mdomoni.

Ikabaki Papa. Na hapa ndipo nilipomheshimu yule mzee. Maana kwa mtu wa aina yake, kuacha mifuko ya watu njiani ni kuvua nguo hadharani. Atasemwa kanisani, atasemwa kwenye lifti. Alisimama akiitazama kama dakika nzima. Halafu akainama, akashika wa kwanza. Nikasogea kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko.

"Acha. Mi njo nilipakia, mi njo napakua."

Akaibeba yote saba, mmoja mmoja, akaipanga kwenye benchi la kinyozi ambapo wateja hukaa kungoja. Wa mwisho alipouweka akasema, "Trésor, wenyewe batakuya kuchukua. Waambie Papa Anselme alikuwa na gari, lakini ilikuwa imejaa."

"Imejaa nini, Papa?"

"Bibi yangu."

Nilitia ufunguo kwenye gari. Fiston nikamwandikia neno moja, poa ya huku: "Sharp." Akajibu neno moja pia, ambalo moderator hatanikubalia.

Kabla hatujaondoka mke wa Trésor akatoka mbio na sufuria. Fufu na ndagala, yaani ugali wa muhogo na dagaa, moto. Alikuwa ameamka kutupikia, na chakula cha mtu hukikatai hata ukiwa na hasira na dunia. Mama akakipokea pamoja na sufuria yake, akamshika yule binti shavu. "Sufuria yako nitairudisha mimi mwenyewe. Siyo Fiston."

Njia ya kule juu sitaweza kuieleza vizuri. Bwawa kubwa kulia kwako, halafu mashamba, halafu vilima vya nyasi za rangi ya simba. Kando ya barabara kuna mistari mipana iliyochomwa ikawa myeusi. Nikasimama kumwuliza mzee mmoja wa Kizulu aliyekuwa na trekta kwa nini wanachoma nyasi nzuri hivyo. Akanieleza: wanachoma mapema, kidogo kidogo, ili moto mkubwa wa Agosti ukija usikute cha kula. Papa akaniambia nipande gari, sisi si shule ya kilimo. Mama akasema, "Mwache aulize. Mi pia nilitaka kujua."

Bulwer tukapita. Na baada ya Bulwer, kona moja, mbili, ya tatu ikafunguka na milima yote ikawa imesimama mbele yetu kwa mstari, juu ina theluji kama mtu amemwaga unga na hajafagia.

Mama alikuwa ameinama katikati ya viti vyetu, kidevu chake karibu na bega langu. Nilimsikia anapumua.

Tulipofika Underberg Mama alitaka sana choo. Nikataka kusimama.

"Hapa iko kwenye mufuko," akasema. "Pita."

"Mama, ni choo tu."

"Pita! Nitajikaza."

Papa akacheka mpaka akashika lile jicho lake la operesheni. Tukapita mji mzima, dirisha limefungwa, Mama amejifunika kitenge usoni asionekane na yeyote mwenye namba ya Fiston.

Himeville iko karibu sana na hapo. Ni kweli kijiji: barabara moja, miti mikubwa mikavu ya baridi, mtaro wa maji unapita, baa ya zamani na duka moja tu. Mwisho kabisa kuna uwanja wa kupiga kambi chini ya misonobari. Tulifika kama saa nane mchana.

Mlinzi wa pale ni mama wa Kizulu wa makamo, koti kubwa la mwanaume, kikombe mkononi. Mama akaenda chooni kwanza, heshima zote baadaye. Aliporudi yule mlinzi akatoa daftari la wageni.

Akaliangalia gari, akacheka. "Eish, mtalala kwenye hilo gari la mkate? Jana bomba zimeganda hapa."

Papa akamfungulia mlango wa nyuma, akamwambia abonyeze ukuta. Akabonyeza. Sponji ikaitika. Akabonyeza tena, akaingiza na kichwa. "Hawu. Hapa kuna joto kuliko kwangu." Nadhani Mzee hajawahi kusifiwa hivyo miaka yote ya Mobeni.

Halafu likaja lile swali. Akamwuliza Mama kwa Kizulu, mmekuja kumwona nani hapa?

Mama alijifunza Kizulu kwenye vichwa vya wateja wake. Akamjibu, "Akekho." Hakuna mtu.

Nilisubiri yule mlinzi amwangalie vile wanavyoangaliaga. Hakumwangalia hivyo. Alinywa kikombe chake, akasema, "Basi weka gari pale chini, ndiyo milima inaonekana," akamsogezea kalamu.

Papa alitaka kuichukua, maana yeye ndiye hujaza karatasi zote za nyumba ile. Mama akaishika kwanza. Akaandika polepole, bila miwani, herufi kubwa: CONSOLATA.

Jamani, miaka miwili nawafahamu wale wazee, ndiyo siku niliyojua jina lake.

Tukapasha chakula cha ile sufuria. Tulikuwa tumekaa nje, Mama ana sahani magotini na uso umeelekea theluji, simu ya Papa ikaita. Fiston. Mama akaichukua yeye, akaweka loudspeaker maana mkono mmoja ulikuwa na fufu.

"Muko wapi? Muko kwa nani?"

Sauti yake haikuwa ya hasira tena. Ilikuwa ya mtoto aliyepotezana na mama sokoni.

"Tuko kwa Consolata," Mama akasema.

"Consolata gani? Namjua?"

"Ule mwenye alikuzaa. Amekula, amekunywa dawa yake ya presha, ako anaangalia mulima. Tutarudi akishiba."

Halafu Fiston akauliza, pole pole, "Iko muzuri?"

"Kuya uone. Lakini usikuye na mufuko."

Ndiyo hivyo wakuu. Wazee wamekaa siku nne, sio moja. Gari lilipaki pale pale mpaka nilipowarudisha Durban. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyetekwa. Mimi kazi sina mpaka leo. Fiston alinisalimia juzi, lakini la kazi hakuligusa na mimi sikuliomba.

Nilichojifunza ni hiki, na anayetaka kunibishia abishe. Tunawapenda wazee wetu kwa kuwafungia. Tunaita kuwatunza. Mtu amekimbizwa nusu ya maisha yake, nusu nyingine kasukia na kukatia wengine, halafu siku anayotaka kuona mlima tunamwuliza "kwa nani?" kana kwamba mlima nao ni mjomba.

Najua mtakuja: presha, je angezidiwa njiani, wewe muhuni umewachukua wazazi wa watu. Njooni tu. Hospitali ziko hata huko juu, niliuliza. Na yule mama ana akili timamu kuliko wengi humu.

Sasa zamu yenu. Taja mji mmoja uliowahi kwenda bila mtu nyuma yako na bila mtu mbele yako. Kama huna, usione aibu. Mama Consolata alikuwa na miaka sitini na nane.